Usipande Gari la Shemeji Yako

Kwa mdogo wangu kipenzi, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakusalimu, na salamu yangu inaanzia magotini, maana uliponipigia simu ulisema yanakusumbua. Yanaendeleaje? Umesimama wodini ujana wako wote ukipokea watoto wa watu, sasa magoti yanadai haki yao. Yakande kwa maji ya moto, wala usijifanye mkunga haumwi. Wajukuu zako hawajambo? Yule aliyechelewa kuota meno ameshaanza kuuma watu? Sisi huku tunakula, tunalala, tunagombana, kwa hiyo ujue tungali hai.

Mkono unaoandika si wangu, unajua. Siku ile mama alipougua, mmoja ilibidi abaki jikoni na mmoja aende shule, na mimi ndiye niliyekuwa najua kusonga ugali. Sijakulaumu hata siku moja, na leo sianzi. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwambia aandike vile ninavyosema, asiyanyooshe maneno yangu kama anavyonyoosha mapindo ya watu. Ameapa kwa mkasi wake kwamba yatakayosemwa humu hayatoki nje. Tumefunga mlango wa duka, na mteja mmoja ameshabisha hodi tukanyamaza kama wezi.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Simu yetu inapiga kelele, mdogo wangu. Wewe ukipiga chafya huko, aliye barazani huku anakuombea afya. Na mume wangu, shemeji yako, siku hizi masikio yake yamekuwa makali kuliko ya paka. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kupita masikioni mwake kabla hayajafika kwako.

Umesema utashuka kwenye treni mwisho wa mwezi. Shemeji yako aliposikia alifurahi mpaka akapiga mluzi, akasema hakuna kuchukua teksi, atakuja stesheni mwenyewe na gari, akulete kwa barabara kuu, kisha kesho yake akutembeze kwenye ngome ya kale ambayo hata mimi sijaiona. Na wewe ukamshukuru kwenye simu, nikasikia. Sasa nakuambia mimi dada yako: usipande gari la shemeji yako. Sababu nitaisema, lakini acha niitembelee polepole, maana mimi mwenyewe nimeifikia kwa njia ya vumbi, na mpaka sasa kichwa changu hakijatulia.

Unamjua alivyokuwa. Dereva wa gari la mikate, anaondoka jogoo bado amelala, anarudi ananukia hamira. Na ndani ya gari hakutaka neno. Siku mojamoja akinipa lifti ya kliniki, nikisema pale pana shimo, aliniambia shimo analiona, nifunge mdomo. Mikate yote ile nyuma imekaa kimya, kwa nini mimi nishindwe. Nikawa nakaa kimya kama mkate. Unajua kwangu hiyo ni adhabu kiasi gani.

Alipostaafu, wenzake wa kiwanda cha mikate walimpa zawadi ya kiti cha kuegemea, kile cha kuvuta kipini miguu inapanda juu. Kiti kizuri, cha kahawia. Alikitazama kama mtu aliyeletewa jeneza lake alijaribu. Hakukikalia. Mimi nikaanza kurundika humo nguo za kupiga pasi, na yeye akaenda akanunua lile gari jeupe, kuukuu, ambalo mlango wa upande wangu haufunguki kwa ndani. Kila tukifika mahali lazima azunguke aje kunifungulia. Majirani wanasema nimeolewa na mstaarabu. Waache.

Akaniambia sasa tutatembea. Kila Alhamisi tutakwenda kuangalia mahali pa kale, kwa maana tumezeeka katikati ya historia na hatujawahi kuitazama. Nikamwambia gofu ninalo, ninalala nalo kitanda kimoja. Akacheka, akasema nivae viatu. Basi nikavaa, na hapo, mdogo wangu, ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, ingawa wakati ule niliona ni raha.

Jambo la kwanza, hatukupita barabara kuu hata mara moja. Tulizunguka kwa njia za nyuma, katikati ya mashamba, tukavuka vijito, tukafungua mageti ya watu na kuyafunga, tukafika tumepakwa vumbi kama samaki anayesubiri kukaangwa. Nilipouliza kwa nini, na lami ipo, alisema historia haikai kwenye lami. Jibu likanitosha, maana lilikuwa zuri.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza zaidi. Yule aliyetaka nikae kama mkate, sasa alitaka niongee. Nikinyamaza kidogo tu, anauliza nimekasirika nini. Nikisema kuna ng'ombe wanavuka, ananishukuru. Nikigomba kwamba anakwenda pembeni mno, anarudi katikati bila kujibu. Nikimpigia kelele kwamba kuna kona na yeye yuko kwenye gia ya wazimu, anapunguza, anatabasamu. Nikasema moyoni, kweli kustaafu kunamfunza mtu utu. Nilimwambia fundi hapa kwamba mume wangu uzeeni amegundua sauti ya mke wake. Fundi alisema wa kwake alikufa bila kugundua. Tulicheka siku ile mpaka sindano ikamchoma.

Na jambo la tatu nilikuwa nimeliweka kifuani kwa sababu liliniuma. Shemeji yako aliacha kunitazama. Nikizungumza naye anageuza uso pembeni, anatazama sikio langu au ukuta ulio nyuma yangu, kama kuku anayekagua punje. Nilijiuliza kama nimechakaa kiasi hicho. Nilijiangalia kwenye kioo, nikaona nimechakaa kidogo tu. Nikamwambia siku moja, kama uso wangu umekuchosha, sema. Alisema haujamchosha, huku anatazama dirisha.

Na zile hadithi. Mahali pa kale pana kibao, kimeandikwa habari zake. Mimi kibao kwangu ni ubao wenye wadudu weusi. Kwa hiyo kila tukifika, mimi natafuta jiwe, nakaa, nakunja mikono, na yeye anasimama mbele ya kibao ananisomea. Kwenye daraja la mawe alinisomea kwamba fundi aliyelijenga aliapa halitavukwa na mtu mpaka mama mkwe wake alivuke kwanza, na mama mkwe akakataa kwa kuwa alijua anachofikiriwa, basi daraja likakaa misimu miwili limekamilika na watu wanaogelea chini yake. Kwenye kaburi la mpima ardhi alinisomea kwamba bwana yule alipima nchi nzima hii kwa mnyororo, hakuna kilima kilichomtoroka, halafu usiku mmoja akatoka kwenda msalani akapotea, akaonekana asubuhi amelala kwa jirani, kwenye banda la mbuzi. Nilicheka mpaka nikashikilia kaburi la watu. Nilirudi na hadithi hizo nikazigawa mtaani kama sadaka. Wewe mwenyewe nilikusimulia ya mama mkwe kwenye simu, ukasema serikali siku hizi inaandika vizuri.

Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitia mchanga kwenye uji. Alisema shangazi yake anakaa karibu na daraja lile, na kibao chake anakijua. Kimeandikwa mwaka lilipojengwa na uzito wa gari lisilotakiwa kupita, basi. Hakuna mama mkwe. Nikamwambia shule yake ilimfundisha kushona na kubisha. Tukanuniana. Anaandika sasa hivi huku anatikisa kichwa, lakini ukweli ni kwamba tulinuniana, na gauni langu likakaa kwake bila mikono mpaka tulipopatana.

Kumbe, ndugu yangu, nilikuwa nalilia kaburi tupu.

Alhamisi moja ya mwezi uliopita tulikwenda kwenye stesheni ya zamani, ile iliyoachwa reli ilipohamishwa. Pazuri. Saa ya ukutani haina mishale, benchi la mbao limelainika kwa makalio ya wasafiri, dirisha la tiketi ni dogo kiasi kwamba unajiuliza watu wa zamani walikuwa na vichwa vya namna gani. Nje, pembeni ya mlango wa kijani, pana kibao. Shemeji yako akaenda akasimama mbele yake, mikono nyuma kama mwalimu. Mimi nikakaa kwenye benchi.

Akanisomea kwamba mkuu wa stesheni hii alikuwa na mke mwenye mdomo. Kazi ya bwana ilikuwa kutembea relini kila siku kukagua, akirudi ukungu umeshuka, haoni hata mkono wake. Basi mke akawa anakwenda kwenye kengele ya stesheni, anaipiga bila kupumzika, na bwana anaifuata sauti mpaka mlangoni. Wasafiri wakalalamika, wenye usingizi wakalalamika, wakubwa wa reli wakaandika kwamba kengele ni ya treni, si ya waume. Mke akawaambia treni ina taa, mume wangu hana. Akaendelea kupiga.

Mdogo wangu, nililia. Sijui kwa nini, hadithi ya mtu nisiyemjua. Nilitoa kitambaa nikapenga kamasi, na hapo akaja mtunza mahali akiwa na ndoo na fagio. Alinisalimu kwa adabu zote, shikamoo mama, akasema kama tunatafuta choo tuzunguke upande wa pili, maana hiki kimeharibika kama tunavyoona kimeandikwa hapo. Nikamuuliza kimeandikwa wapi. Akaonyesha kibao, kilekile, nilicholilia. Nikamuuliza hakuna kengele hapo? Akasema hakuna, mama, ni choo tu. Historia ya stesheni iko ndani, kwenye kioo.

Nikamgeukia shemeji yako. Alikuwa ametazama pembeni, kama kuku.

Sasa nisikilize hasira iliyonipata. Sikufikiri jambo lingine lolote ila hili: ananichezea kwa kuwa sikusoma. Miezi yote ile nimekaa kwenye mawe nimekunja mikono kama mtoto wa chekechea, na yeye anatunga, anaona raha, mjinga wake anacheka anapoambiwa acheke na analia mbele ya choo. Nimebeba kutosoma kwangu miaka yote hii bila kuinama, unanijua. Sokoni hakuna anayenipunja, benki natia kidole gumba changu na natoka na kichwa juu. Mtu mmoja tu ndiye niliyemwachia mlango huo wazi, nikamwambia nisomee, bila kuona haya. Na yeye akaingia humo na vumbi la viatu vyake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikaingia garini, nikasubiri afunge mlango, nikaamua sitamwambia neno mpaka nyumbani. Nitakuwa mkate.

Akawasha gari. Tukaenda. Akaniuliza nimechukia? Kimya. Akasema nimtukane basi. Kimya. Akasema kuna ng'ombe huko mbele au hakuna. Niliona swali la kijinga, ng'ombe si wanaonekana, sikujibu. Akawa anakwenda polepole, anapunguza hata mahali pasipo na kitu, mikono imeukamata usukani kama anayezama. Akasema, mke wangu, nakuomba, sema chochote. Nikatazama mashamba.

Tukafika kwenye kona ya miti. Mbele yetu palikuwa na mwanamke anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, yuko katikati ya njia. Nilimwona. Namwona hata sasa, blauzi ya zambarau. Nikasema moyoni atampigia honi. Hakupiga. Nikasema atapunguza. Hakupunguza. Ndipo nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nizae, naye akakata usukani upande wangu, gari likaingia mtaroni, likakaa humo limeinama. Mwanamke hakuguswa, namshukuru Mungu kila nikiamka. Aliruka akaacha baiskeli ianguke, madumu yakapasuka, maji yakatiririka mpaka chini ya gari letu.

Alikuja akiwa na hasira, na alikuwa na haki yake. Akamwambia shemeji yako maneno ambayo fundi amekataa kuyaandika, kisha akamuuliza kama yeye ni kipofu. Lile ni tusi tu la barabarani, kila dereva ameshalisikia. Lakini shemeji yako alitoa mikono kwenye usukani, akajibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa jina lake. Akasema ndiyo.

Yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja. Mimi nikanyamaza, na mara hii haikuwa hasira.

Aliniambia yote palepale mtaroni, mlango wangu ukiwa umebanwa na udongo, kwa hiyo hata ningetaka kumkimbia nisingeweza. Alisema ilianza kabla ya kustaafu, ndiyo iliyomfanya astaafu. Pembeni anaona. Katikati hapana, katikati kuna moshi, na kila anachokitazama moja kwa moja kinaingia kwenye ule moshi. Herufi zimeingia humo. Sura za watu zimeingia. Siku ile aliyosema anakwenda kutafuta gari la kununua, kumbe alikwenda kwa daktari wa macho, na daktari akamwambia hakuna miwani ya moshi huo, na aache kuendesha. Akanunua gari wiki hiyohiyo. Barabara kuu anaiogopa kwa sababu ya malori. Njia za nyuma hazina watu, na zina mimi pembeni yake ninayetangaza kila kuku. Alisema mashimo hajayaona mwaka huu, ameyasikia tu, kwa mdomo wangu.

Nikamuuliza na vibao? Akasema pale darajani, mara ya kwanza kabisa, alitaka kuniambia hawezi. Lakini aliponigeukia nilikuwa nimeshatafuta jiwe, nimeshakaa, nimekunja mikono, namsubiri. Basi akafungua mdomo, akatoka mama mkwe. Nikacheka, na kicheko changu akakiona bila kukiona. Baada ya hapo alikuwa anakesha kitandani siku ya Jumatano anaandaa kibao cha kesho yake.

Nikamuuliza la mwisho, lile lililoniuma. Alisema akitaka kuuona uso wangu lazima atazame sikio. Akiutazama uso wenyewe, ninapotea.

Sasa wewe uliyesoma niambie, mtu afikiri nini. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo. Nikilishika upande huu, naona mume aliyenitumia kama fimbo ya kupapasia njia, akaniweka mimi na watu wasio na hatia kwenye hatari ili tu asikikalie kile kiti. Nikiligeuza, naona mume aliyetunga daraja zima ili nisiondoke kwenye jiwe langu mikono mitupu. Alitaka sauti yangu kwa kuwa ananipenda, au kwa kuwa haoni? Nilimuuliza. Akasema hajui sababu hizo mbili zinapoachana. Nimekasirika asubuhi, nimemhurumia mchana, jioni nimemnyima chumvi kwenye chakula kisha nimempakulia nyama yangu. Naweka sufuria mahali pa ndoo. Nimemwita fundi kwa jina lako mara ngapi sijui.

Na ile kengele. Nilimuuliza kama aliitunga kitandani Jumatano kama zile nyingine. Alisema hapana, ile ilitoka yenyewe.

Ngoja nikuambie na upumbavu wangu, usije ukadhani huku mpumbavu ni mmoja. Wanaume wa shamba la karibu walitusukuma tukatoka mtaroni. Mwenye baiskeli tulimpa madumu yetu mawili tuliyokuwa nayo nyuma, akayapokea, hakutuaga. Pale hakuna mtu aliyejua kuendesha. Basi tulirudi vilevile, yeye kwenye usukani na mimi pembeni, mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Na mimi nikaongea. Kulia pana mti, kushoto pana jiwe kama kichwa cha mjomba, sasa nyooka, nyooka, nani amekuambia ucheke, mbele kuna mbwa amelala, ananyanyuka, amelala tena, simama. Siku zote nilikuwa nimemgombesha bila kujua. Siku ile niligomba nikijua. Mungu anisamehe, lakini sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye kwenye ile njia. Tulipofika lami inapoanza nikamwambia asimamishe. Nikachomoa ufunguo mwenyewe. Mwenzake mmoja wa kiwanda cha mikate tulimpigia simu, akaja akatufikisha na gari letu. Tangu hapo ufunguo umefungwa kwenye kitambaa changu cha kichwa, nalala nao, nasali nao, na hivi ninavyozungumza unanichoma kisogoni.

Na sasa ninafika kwenye lile ambalo ni zito kulisema. Tulipofika nyumbani alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu. Watoto wetu wakijua watauza gari kesho. Na wewe zaidi ya wote usijue, maana wewe ndiye shemeji aliyekuwa anamsifu kwa uendeshaji. Aliniomba nimrudishie ufunguo kwa safari moja tu, ya kukuchukua stesheni, kwa sababu ameshakuahidi. Alisema barabara kuu anaijua kwa moyo, kila mlango aliowahi kushusha mkate. Anaweza kuipita amefumba macho. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe. Lakini niliapa sitasema. Niliapa, mdogo wangu, na mkono wake juu ya wangu. Na leo nimekaa kwenye kibanda cha fundi cherehani navunja kiapo hicho neno kwa neno, na fundi anaandika. Dada yako hajawahi kuvunja ahadi kwa mume wake. Hii ndiyo ya kwanza, na ningeivunja tena kabla ya chakula cha mchana.

Maana kuna jambo jingine. Ameondoa nguo zangu za pasi, amekikalia kile kiti. Amevuta kipini, miguu imepanda juu. Anakaa humo ametazama ukuta, na nikipita haniulizi kwa nini nimenyamaza. Nimejaribu kumgombesha, hajibu. Nimemwambia chai yako ina nzi, akainywa. Ufunguo nimemnyang'anya, na ni haki. Blauzi ile ya zambarau hainitoki machoni. Lakini sikujua kwamba ufunguo ule ulikuwa unafungua na yeye.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukishuka kwenye treni, panda teksi mpaka mlangoni kwangu. Wewe uliendesha lile gari la chanjo kwenye njia ambazo mbuzi walizikataa, na magoti yako yanauma kusimama, hukusema yanauma kukaa. Njoo uniambie kwanza, kama mtu wa hospitali na si kama ndugu, iwapo ni kweli ule moshi hauna dawa. Kisha Alhamisi utashika usukani wewe. Yeye atakaa mbele pembeni yako, akuelekeze kwa barabara kuu mpaka ngomeni, mlango kwa mlango, aone kama kweli anaijua kwa moyo. Mimi nitakaa nyuma nipige kelele, maana siwezi kuacha sasa, na yeye hawezi kukaa bila kuzisikia.

Usimdanganye. Usimwambie eti una hamu tu ya kuendesha. Nyumba yetu imeshashiba hadithi upande huo. Barua hii ikishaondoka mikononi mwangu, nitakwenda nisimame mbele ya kile kiti, nimwambie nimekuambia. Atakasirika. Atageuza uso ukutani. Nitasogea mpaka sikio langu liwe mbele yake, aone kama ninatania.

Jambo moja tu nakuomba, kwa roho ya mama yetu. Tukifika ngomeni, tutakuta kibao, na wewe unajua kusoma. Usisome. Tafuta jiwe lako, ukae kando yangu, ukunje mikono. Mwache shemeji yako asimame mbele yake.

Nimekuandalia na chumba cha nyuma, nimekifagia, nimeweka shuka la maua unalolipenda. Fundi anakusalimu, anasema umletee vifungo vyeupe vya mashimo manne, huku vimeadimika. Wasalimie wanao na wajukuu, mbusu yule wa meno kwa niaba yangu hata akikuuma. Njoo na viatu vya vumbi.

Mimi dada yako wa tumbo moja, mwenye mdomo, nimetia kidole gumba hapa chini, na wino umemchafulia fundi nguo ya mteja.